Gesi iliyofungwa ndani ya kioo inazeeka? Tufe langu la radi limebadilika rangi

#1 MwalimuMoro
Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha fizikia sekondari, Morogoro. Mwaka 2021 nilinunua Kariakoo lile tufe la kioo lenye vijiradi ndani, ukiligusa nyuzi za mwanga zinakimbilia kidole. Ni la inchi nane, linatumia adapta ya volti 12. Wakati huo nyuzi zilikuwa nyembamba kama za buibui, rangi ya zambarau, na pale zinapogusa kioo zinachanua waridi.

Sasa hivi nyuzi zimepungua, zimekuwa nene, zimepauka kama maziwa yaliyotiwa maji. Nyingi zinang'ang'ania sehemu ya juu ya tufe. Ile waridi haipo tena. Wiki iliyopita binti mmoja wa kidato cha tatu akaniuliza mbele ya darasa zima: "Mwalimu, kwani gesi nayo inazeeka?" Nikamwambia nitamletea jibu.

Gesi adimu, neoni na wenzake, hazipatani na elementi nyingine kirahisi. Haziozi, haziliwi. Kioo hakina ufa. Sasa kimebadilika nini?

Na la pili: kuna mtu hapa nchini au jirani amewahi kutengeneza chombo cha namna hii mwenyewe, akatoa hewa, akatia gesi, kikawaka? Nataka wanafunzi wangu waone kinavyotengenezwa, si kununua tu.

#2 KijitiChaTanga
Nimeshika siti ya mbele. Ila Mwalimu, kabla wajuzi hawajaingia, umelifuta? Huku pwani vioo vyote vinapata utando wa chumvi na unyevu. Utando ule unapitisha umeme kidogo, basi nyuzi zinatawanyika ovyo juu ya kioo badala ya kukusanyika. Kitambaa kikavu, tufe likiwa limezimwa.

#3 FundiGerezani
Gesi haina kosa hapo. Natengeneza TV na redio tangu enzi za TV za kichogo. Kinachozeeka ni bodi iliyo kwenye kitako. Mle kuna transista moja inayochemka muda wote, transfoma ndogo, na kapasita, kile kihifadhi chaji. Bodi ile inapandisha volti 12 hadi elfu kadhaa, tena kwa mitetemo elfu thelathini na zaidi kwa sekunde. Kapasita ikikauka, nguvu inashuka na mtetemo unayumba, unabaki na nyuzi chache, zimelegea. Fungua kitako. Ukikuta kapasita imevimba kichwa, badilisha, bei yake haifiki hata elfu moja.

#4 MzeeWaFriji
Nampinga kijana wangu wa Gerezani kwa heshima zote. Nina miaka thelathini kwenye friji na AC. Mfumo wowote uliofungwa unavuja, suala ni kwa kasi gani. Mwalimu, shika tochi uchungulie chini ya tufe, ndani ya kitako. Utaona kancha ka kioo kalikochomwa kwa moto. Hapo ndipo walipotolea hewa na kuingizia gesi. Pakiwa na kinyufa kidogo kuliko unywele, hewa inaingia mwaka hadi mwaka. Naitrojeni ikishachanganyika na neoni, rangi inapauka. Unyevu ndio mbaya zaidi. Kwenye friji unyevu kidogo tu unaziba kapilari, kile kibomba chembamba, sembuse humo.

#5 MwanaMlimani
Kuna maelezo ya tatu hayajatajwa. Gesi inaweza kumezwa. Ayoni, yaani atomi zenye chaji, zikiligonga chuma la elektrodi, kile kinachopeleka umeme kwenye gesi, zinang'oa chembe, chembe zinaruka kubandika ukutani, na zinapobandika zinafukia atomi za gesi chini yake. Gesi haijatoka nje ila haipo tena pale ulipoiweka. Chukua testa ya zamani ya fundi umeme, kile kitaa cha ndani: kioo chake kimekuwa cheusi kwa ndani. Ule weusi ni chuma cha elektrodi.

#6 FundiGerezani
MwanaMlimani, umewahi kupasua tufe lenyewe? Mimi nimepasua mawili yaliyoletwa yamevunjika. Kile kijitufe cheusi cha katikati ni kioo nacho. Chuma kipo ndani yake, kama zile nyuzi za kusugulia masufuria, kimejazwa humo. Yaani chuma kiko upande wa pili wa kioo, hakigusani na gesi hata kidogo. Sasa chembe zing'olewe kutoka wapi?

#7 MwanaMlimani
Kwa tufe la aina hiyo uko sahihi, nimekubali. Umeme wake unavuka kioo kama unavyovuka kapasita, ndiyo maana wanatumia mtetemo wa kasi. Mkono wako ukigusa nje unakuwa bamba la pili la kapasita, ndiyo sababu nyuzi zinakufuata. Hoja yangu ya kumezwa inabaki kwa taa zenye elektrodi wazi: testa, stata ya tubu, mabomba ya neoni.

Ila usiharakishe kuiondolea gesi lawama, Fundi. Kwa nini waridi ipotee? Bodi dhaifu inapunguza nyuzi. Haiwezi kufuta rangi moja ikaacha nyingine.

#8 FundiGerezani
Inaweza. Ile waridi inatokea pale mkondo unapotanuka na kusambaa juu ya kioo. Mkondo ukiwa dhaifu haufiki kwa nguvu hiyo.

#9 Nyamakima_Boy
Habari zenu majirani. Mimi niko Nairobi, nilinunua yangu Luthuli 2017, ukubwa huo huo, na bado inawaka vizuri kabisa. Hali ya hewa ndiyo tofauti, si unaona. Huku ni kukavu na baridi. Pia mimi siwashi zaidi ya nusu saa, kisha naizima ipoe. Mwalimu unaiacha kwa stima saa ngapi?

#10 MwalimuMoro
Asanteni sana. Nyamakima, siku za maonyesho ya sayansi huwa inawaka kutwa nzima. Kitako kinapata moto hadi unahisi harufu ya plastiki. Kijiti, nimefuta: nyuzi zimetulia kidogo, rangi ni ile ile. Kancha ka Mzee nimekaona, ni kazima kwa macho.

#11 Angavu_LA
Nimechelewa, saa zetu zimepishana. Niko Los Angeles. Hapa jirani, Glendale, kuna jumba la makumbusho ya sanaa ya neoni, na nimesoma kozi ya kukunja mabomba. Niwaeleze nilichokiona, maana kinagusa swali la Mwalimu moja kwa moja.

Bomba la kioo linapashwa juu ya mstari wa moto wa gesi mpaka linakuwa laini kama ugali wa moto. Mdomoni unashika kimpira kilichounganishwa na bomba. Unapolikunja unapuliza kidogo, la sivyo kona inabonyea na njia inaziba. Mchoro uko mezani kwenye karatasi isiyoungua, umechorwa kinyume, maana unakunja ukitazama mgongo wa maandishi. Sekunde chache tu, kioo kimeshaganda. Kona yangu ya kwanza ilikuwa imebinuka, mwalimu akaikata akanirudishia bila neno.

Lakini kukunja si ndiyo kazi ngumu. Kazi ngumu ni kusafisha. Bomba linaunganishwa na pampu, hewa inatolewa nusunusu, kisha wanapitisha umeme mkubwa ndani yake, mkubwa kuliko litakaoutumia maisha yake yote. Bomba linachemka lenyewe. Fundi anaweka kipande cha karatasi juu ya kioo, na karatasi ikianza kuwa ya kahawia anajua joto limepita digrii 200. Elektrodi zinawaka nyekundu. Muda wote huo mvuke wa maji, kaboni dioksaidi na mafuta ya vidole vinatoka kwenye ukuta wa kioo. Vyote vinavutwa na pampu. Ndipo bomba linaachwa lipoe, linatiwa neoni kidogo sana, kama sehemu moja ya mia ya kanieneo, yaani msukumo, wa hewa ya nje, na kijibomba cha kutilia kinachomwa kufungwa.

Kioo kinashika maji kwenye ngozi yake. Ukikipangusa kwa kitambaa maji hayo hayatoki, yanahitaji joto. Kiwanda kikiharakisha hatua hii, tufe linawaka vizuri dukani, halafu kila ukiliwasha likapata joto kioo kinatema kidogo kidogo kile kilichobaki. Baada ya miaka gesi imechafuka bila hewa yoyote kuingia kutoka nje. Hayo ndiyo maelezo yangu: si bodi, si kuvuja.

Na huyo binti wa kidato cha tatu mwambieni mafundi wa neoni wana hatua ya mwisho wanayoiita "kuzeesha". Bomba jipya linaachwa likiwaka kwa saa nyingi mpaka rangi itulie, ndipo linapelekwa kwa mteja. Kwao bomba lililozeeshwa ndilo zuri.

#12 MzeeWaFriji
Angavu, umeandika kitu. Ile ya karatasi nimeipenda. Na sisi kwenye friji tunavuta vakyumu muda mrefu kwa sababu hiyo hiyo, unyevu hautoki kwa dakika tano. Lakini umejuaje kwamba halijavuja?

#13 ShangaziTaa
Wanangu, nami nachangia. Nauza taa Kariakoo, na kila siku mteja anakuja anataka "neoni ya jina la saluni". Nampa. Ile ni mpira wa silikoni wenye LED ndani, unaikata kwa mkasi, haina gesi hata tone. Simdanganyi mtu, namwambia. Lakini jina limeshashika. Nauliza, neoni ya kweli kwa nini haipo sokoni?

#14 MwanaMlimani
Shikamoo shangazi. Neoni ya kweli inataka mtu wa kuikunja, moja moja, kwa mkono. LED inatoka kiwandani kwa mita.

Gesi yenyewe pia haichimbwi, inachujwa kutoka hewani. Ukichukua lita milioni moja za hewa, neoni ni lita 18 tu. Kriptoni ni lita moja hivi, zenoni haifiki hata lita moja. Agoni ndiyo nyingi, karibu asilimia moja ya hewa yote, ndiyo maana mafundi wa kuchomea alumini wanaipata kwa mitungi. Wanakemia Ramsay na Travers waliigundua neoni London mwaka 1898 kwa kupoza hewa hadi iwe kimiminika na kuichemsha taratibu. Mfaransa Georges Claude alikuwa na viwanda vya kupoza hewa iwe kimiminika kwa ajili ya oksijeni, neoni ikawa inabaki bure. Desemba 1910 akaiwasha kwenye maonyesho ya magari Paris, mabomba mawili ya mita kumi na mbili kila moja. Biashara ya mabango ikaanzia hapo.

#15 ShangaziTaa
Marahaba mwanangu. Kumbe tunaivuta puani kila siku.

#16 Nyamakima_Boy
2022 vita ilipoanza Ukraine, kampuni mbili za kule, moja ya Mariupol na nyingine ya Odesa, zilisimamisha kazi, na ndizo zilikuwa zinatoa karibu nusu ya neoni ya viwanda vya chipu vya dunia nzima. Bei ikapaa. Gesi ya mabango kumbe inashikilia simu zetu.

Lakini rekebisho kidogo kwa MwanaMlimani: wa kwanza si Claude. Kufungia gesi kwenye kioo iwake kwa urembo ni Geissler, fundi wa kupuliza kioo wa Bonn, 1857. Alitengeneza mabomba ya mizunguko na maua, watu wakayanunua kwa mapambo, neoni bado haijajulikana.

#17 MwanaMlimani
Kweli kabisa. Nilisema biashara ya mabango. Kwa mapambo Geissler ndiye baba. Na tufe la Mwalimu lina ukoo mwingine: Tesla alipewa hataza, hati ya haki ya uvumbuzi, mwaka 1894 ya taa ya kioo yenye elektrodi moja katikati inayolishwa mtetemo wa kasi. Haya matufe tunayoyaona madukani yametokana na kazi ya Bill Parker, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1970.

#18 KijitiChaTanga
Turudi kwenye testa, maana kila mtu anayo nyumbani na hatujawahi kuitazama. Ipeleke kwenye soketi usiku, taa zimezimwa. Ndani ya kitaa kuna vijiti viwili, na vyote vinawaka rangi ya chungwa, mwanga umevivaa kama ngozi. Sasa mimi nafunga sola. Nikiigusisha kwenye nyaya za paneli zilizounganishwa hadi volti mia na kitu, kinawaka kijiti kimoja tu! Ule wa upande hasi. Umeme wa gridi unageuka na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo kila kijiti kinapata zamu yake, jicho linaona vyote. Mwalimu, hilo ni somo zima la umeme mgeu kwa kifaa cha bei ya soda.

#19 MwalimuMoro
Kijiti, hili nalifanya Jumatatu. Asante!

Ila kwenye sola nitawaonyesha mwenyewe, hawatashika wao.

#20 MwanaMlimani
Na waulize kwa nini ni neoni na si hewa ya kawaida. Mwanafizikia Paschen alionyesha mwaka 1889 kwamba volti ya kuwasha gesi inategemea kanieneo ukizidisha na umbali kati ya elektrodi. Kwa hewa, hata ukipanga vipi, huwezi kuiwasha chini ya volti 330 hivi. Neoni yenye chembe kidogo ya agoni inawaka kwenye volti 60 hadi 90. Testa ya hewa isingekuambia kitu kwenye volti 230.

#21 MzeeWaFriji
Mwalimu aliuliza kama kuna aliyetengeneza. Nilijaribu, miaka minne iliyopita, nisimulie.

Nilichukua chupa nene ya kahawa, mfuniko nikautoboa, nikapitisha bolti moja na kibomba cha shaba, bolti ya pili chini. Nikaziba kwa gundi ya epoksi. Pampu ni yangu ya AC, ya hatua mbili. Umeme nilitumia koili ya pikipiki na saketi ndogo aliyonifungia kijana wa jirani. Chupa iko ndani ya ndoo ya plastiki, mimi nachungulia kwa dirisha la plastiki ngumu.

Pampu ilipoanza, hakuna kitu. Baada ya muda kikatokea kiuzi kimoja, chembamba, kinaruka zigizaga kutoka bolti hadi bolti, kinalia tititi. Kikanyamaza. Kikaanza kunenepa, kinayumba kama moshi wa udi. Halafu ghafla chupa nzima ikajaa rangi, waridi inayoelekea zambarau, imetulia kabisa, hakuna sauti. Kwenye bolti ya upande hasi kukawa na ngozi ya buluu, na kati ya ile buluu na ile waridi pakabaki pengo jeusi, kama mtu amefuta kwa kidole. Nilimwita mama watoto aje aone. Tulikaa gizani tunaangalia, hakuna aliyesema kitu.

Hiyo ni hewa ya kawaida tu, hewa ya Temeke. Baada ya dakika mbili hivi rangi ikaanza kupauka, ikawa kijivu cha maziwa. Sasa nikisoma maneno ya Angavu naelewa, gundi yangu ilikuwa inatoa mvuke. Na hiyo rangi ya maziwa ndiyo Mwalimu anaielezea!

Chupa ya pili ilikuwa ya bapa. Ilibonyea kwa mlio kama tairi la lori. Vipande vilitoboa ndoo. Hakuna aliyeumia kwa sababu ya lile dirisha, lakini kipande kimoja nilikikuta kimesimama ukutani.

#22 DadaRedio
Nimekuwa msomaji tu, hapa lazima niingie. Mimi ni mtaalamu wa picha za eksirei, Mwanza.

Kwanza, kioo. Hewa inasukuma karibu kilo moja kwenye kila sentimita mraba. Mfuniko wenye upana wa sentimita 8 unabeba kilo 50. Chupa ya bapa haikuumbwa kwa hilo. Tumia vyombo vya mviringo, vya kioo kinene, na ngao kama ya Mzee, kila mara, hata mara ya mia.

Pili, na hili halionekani. Mzee, siku ile ungeendelea kuvuta, ungeona mwanga wa ndani unafifia na ukuta wa kioo wenyewe unaanza kung'aa kijani. Hapo elektroni zinaruka bila kugongana na gesi na kupiga kioo. Kwa volti za koili ya pikipiki au transfoma ya TV, hiyo ni mashine ya eksirei. Röntgen aligundua miale hii hivyo hivyo, Novemba 1895, akiwa na bomba la kioo, pampu na koili. Kabla mwezi Desemba haujaisha alikuwa amepiga picha mifupa ya mkono wa mkewe. Ukiona kijani, zima. Na kwa shule, msitumie volti hizo kabisa. Vyanzo vya mionzi nchini vinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, si mchezo wa darasani.

#23 MzeeWaFriji
Asante binti yangu. Hilo la kijani sikulijua.

#24 FundiGerezani
Naongeza kwa wanaotaka kutoa transfoma kwenye TV za kichogo: tyubu inashika chaji siku nyingi baada ya kuchomolewa. Nimeona mtu mzima akirushwa hadi kwenye rafu.

Ila tyubu ina funzo. Shingoni kuna doa la fedha linalong'aa, ni bariamu, kazi yake ni kunyaka gesi chafu iliyobaki. Hewa ikiingia, doa linageuka jeupe kama chokaa. Fundi anatazama mara moja anajua tyubu imekufa. Tufe la Mwalimu halina doa hilo, ndiyo maana Mzee na Angavu wanabishana na hakuna wa kuwaamua.

#25 Nyamakima_Boy
DadaRedio, kwetu Nairobi tuko juu ya mita 1,600, hewa inasukuma kama gramu 830 tu kwa sentimita mraba. Chupa za Mzee zije zijaribiwe huku, zitakuwa na nafuu.

#26 KijitiChaTanga
Majirani hata hewa mnaisifia kwa kupungua! Kilo 41 za mfuniko ule ule zikikuangukia usoni zitakuuliza umetoka Nairobi?

#27 Songwe_Mkavu
Wakuu, mmetaja gesi zote mmesahau ya kwetu. Heliamu! Juni 2016 walitangaza bonde la Rukwa lina heliamu nyingi, wataalamu wa Oxford na Durham walipima gesi inayobubujika kwenye chemchemi. Uchimbaji wa utafiti umeendelea hadi huku Itumbula. Je, heliamu nayo inawaka?

#28 Angavu_LA
Inawaka, rangi ya waridi iliyochanganyika na njano, kama ganda la pichi. Si kali kama neoni, lakini ni laini na inapendeza.

#29 MwanaMlimani
Heliamu ina tabia yake. Atomi zake ni ndogo mno, zinapenya kioo taratibu, hasa kile kisichopasuka kwa moto. Kioo cha chupa cha kawaida kinaizuia zaidi. Labda tufe la Mwalimu lilitiwa heliamu kidogo, ikatoroka?

#30 FundiGerezani
Umerudi na "labda" nyingine.

#31 MwalimuMoro
Wakuu, nimerudi na matokeo. Jirani yangu ana tufe dogo la inchi tano. Jana tulifungua vitako vyote viwili, tukabadilishana bodi.

Bodi yangu kwenye tufe lake: nyuzi zimepungua, zimelegea. Waridi ipo.
Bodi yake kwenye tufe langu: nyuzi zimeongezeka karibu mara mbili, zinafika kila upande. Rangi bado ni maziwa.

#32 FundiGerezani
Nilisema bodi.

#33 MzeeWaFriji
Nilisema gesi.

#34 Angavu_LA
Gesi imechafuka, hilo sasa hatubishani. Imechafuliwa na hewa ya nje au na kioo chenyewe, bado. Mwalimu, fanya hivi: liwashe likiwa baridi kabisa alfajiri, piga picha dakika ya kwanza, kisha dakika ya 30. Kama rangi inaharibika kadiri linavyopata joto na inarudi likipoa, kioo ndicho kinachotema na kumeza.

#35 MzeeWaFriji
Na hata hewa iliyovuja itapata joto, Angavu. Picha zake zitafanana.

#36 Nyamakima_Boy
Kwa kutengeneza upya: Kitengela hapa kuna watu wanaopuliza kioo kwa tanuri. Kioo kinene cha mviringo kinapatikana.

#37 ShangaziTaa
Na Arusha wapo, Shanga, wanayeyusha chupa zilizotupwa. Mwalimu ni karibu kwako kuliko Kenya.

#38 Angavu_LA
Vizuri, ila kumbukeni waya unaopita kwenye kioo lazima utanuke sawa na kioo, la sivyo ukipoa unapasua. Geissler alitumia platini. Siku hizi kwa kioo laini ni waya wa chuma na nikeli uliovikwa shaba. Unao tayari: vunja globu ya kizamani iliyoungua, zile nyaya mbili zinazopenya shina la kioo ndizo hizo.

Au fanyeni kama tufe, chuma kibaki nje ya kioo, msitoboe kitu.

#39 MwalimuMoro
Nimepiga picha za alfajiri. Dakika ya kwanza kulikuwa na waridi hafifu kwenye ncha tatu au nne, upande wa chini. Dakika ya 30 haipo. Nimezima, nitarudia saa sita mchana likishapoa.

Mzee, Jumamosi ya wiki ijayo una nafasi? Maabara ya shule ina chupa moja ya mviringo, kioo kinene, shingo ndefu. Usafiri wako na wa pampu ni juu yetu.

#40 MzeeWaFriji
Nitakuja. Chupa ioshwe, ikaushwe, kisha ikae kwenye oveni ya shule digrii 200 kwa saa nne na isiguswe tena kwa mkono mtupu. Ile ngao naileta mwenyewe. Koili ya pikipiki naiacha nyumbani, tutatumia bodi ya tufe la jirani.

#41 KijitiChaTanga
Na mimi nakuja na testa.